Tupeane uzoefu: rekodi ikiwepo sasisha, isipokuwepo ingiza. Wewe unatumia amri gani?

Mwanzisha uzi, Dodoma mjini

Wakuu, mbukwenyi. Kazi yangu ni kurekebisha mifumo midogo ya vyama vya wakulima na maduka ya pembejeo. Karibu kila mfumo ninaopokea una mtindo uleule: SELECT inauliza kama rekodi ipo, ikiwepo UPDATE, isipokuwepo INSERT. Karani akiwa mmoja hakuna tabu. Tabu inakuja msimu ukichanganya. Chama kimoja cha zabibu kina mizani miwili na makarani wawili, na kreti za mkulima yuleyule zinapimwa kote kuwili. Makarani wanabonyeza pamoja, wote wanajibiwa "haipo", wote wanaingiza. Jioni mkulima ana mistari miwili, mhasibu analipa wa juu tu, halafu ugomvi.

Niliweka ufunguo wa kipekee (UNIQUE, databesi inakataa mistari miwili yenye thamani ileile) kwenye namba ya mkulima pamoja na msimu, kisha amri moja. Databesi ni PostgreSQL, amri imo tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016:

```
INSERT INTO mapokezi (mkulima, msimu, kilo)
VALUES ('Z041', '2024A', 86)
ON CONFLICT (mkulima, msimu)
DO UPDATE SET kilo = mapokezi.kilo + EXCLUDED.kilo;
```

EXCLUDED ni ile rekodi uliyokuja nayo ikagonga iliyopo. Bila ufunguo wa kipekee amri yenyewe inakataa kazi. Haya, leteni na nyie.

Mchangiaji, Kibaigwa

Huku soko la mahindi, databesi yetu ni MySQL. Angalieni sana REPLACE INTO. Ni fupi, inapendeza, lakini haisasishi: inafuta mstari wa zamani na kuandika mpya. Nilirithi mfumo wa ghala ambao kila bei ya gunia ikibadilishwa, namba ya simu ya mfanyabiashara inapotea, kwa sababu amri haikuitaja safu ile ikarudi kuwa tupu. Na kama jedwali la mizigo limefungwa kwa ON DELETE CASCADE, mizigo nayo inaondoka. Tumia INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE, inagusa ulichotaja tu. Ikikujibu kwamba mistari 2 imeguswa usishtuke: 1 ni kuingiza, 2 ni kusasisha.

Mchangiaji, Nzuguni

Mkuu mwanzisha uzi, samahani nikupinge kidogo. Hiyo `kilo + EXCLUDED.kilo` mimi siiwezi. Mtandao ukikata baada ya seva kupokea lakini kabla ya jibu kurudi, simu ya karani itatuma tena. 86 inakuwa 172 na hakuna atakayejua. Mizani ni pesa za watu. Mimi kila upimaji naupa namba ya risiti inayotengenezwa kwenye simu yenyewe, naiwekea ufunguo wa kipekee, halafu ON CONFLICT DO NOTHING, yaani ikiwa imeshaingia isifanye kitu. Ije mara tano, inaingia mara moja. Jumla natafuta kwa SUM.

Mwanzisha uzi

Hapo umenipata. Kwa bei, anwani na simu, sasisha palepale. Kwa kilo, risiti. Naibadilisha kabla ya mavuno yajayo.

Mchangiaji, Bahi

Sisi ni dodoso za vijijini, simu zinakaa bila mtandao kutwa nzima, kwa hiyo SQLite, databesi ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe. Nayo ina ON CONFLICT DO UPDATE, ila tangu 3.24 ya 2018. SQLite iliyomo ndani ya Android 10 bado ni ya nyuma ya hapo. Kuanzia Android 11 ndiyo inakubali. Vifaa vya mradi mnavijua, havibadilishwi. Tunafanya UPDATE kwanza, tunaangalia imegusa mistari mingapi, ikiwa sifuri ndipo INSERT, vyote ndani ya muamala (transaction) mmoja. Si nzuri kuitazama, lakini inafanya kazi.

Mchangiaji, Singida

Kaka zangu, mmesahau NULL, yaani nafasi isiyojazwa kitu. Jedwali letu la wakulima wa alizeti lina ufunguo wa kipekee kwenye namba ya kitambulisho, na wazee wengi hawakuandikishwa namba. PostgreSQL haihesabu NULL mbili kuwa sawa, hivyo kila wakiletwa upya wanaingia upya. Toleo la 15 lina UNIQUE NULLS NOT DISTINCT, inayohesabu NULL zote kuwa sawa, lakini hapo mzee mmoja tu asiye na namba ndiye angebaki! Tuliwapa namba za chama, basi.

Mchangiaji, UDOM

Shikamooni. Na sisi wa Laravel, fremuweki ya PHP, je? Natumia updateOrCreate.

Mchangiaji, Kibaigwa

Marahaba mdogo wangu. Chini yake bado inauliza kwanza ndipo iandike. Tumia `upsert()`, ipo tangu Laravel 8, ndiyo inayotuma amri moja. Na ufunguo uuweke kwenye databesi yenyewe, siyo kwenye fomu tu.

Mchangiaji, UDOM

Naweka ufunguo inakataa, inasema kuna rudufu.

Mwanzisha uzi

Zitoe kwanza. Anza kuziona, usifute kitu kabla ya kuchukua nakala ya databesi:

```
SELECT mkulima, msimu, COUNT(*) FROM mapokezi
GROUP BY mkulima, msimu HAVING COUNT(*) > 1;
```

Ukiona orodha ni ndefu, kaa na mhasibu wenu muipitie kabla ya kuunganisha. Yeye anajua ipi ililipwa.