Roki ya miaka ya 80 kwenye The Wrestler: ina maana au mbwembwe tu?

Mzee wa Rumba:
Wakuu, nimeirudia The Wrestler (2008), ile Mickey Rourke anacheza Randy "The Ram", mwanamieleka aliyechakaa. Mieleka naielewa, muziki ndio unanishinda. Majina ya waigizaji yanaanza tu kupita, bendi ya Quiet Riot hao. Mara Ratt, mara Cinderella, mwisho Guns N' Roses. Glamu metali mtindo mmoja, wanaume wa manywele na suruali za kubana! Mimi nimekulia kwa Franco. Hizi zina kazi humo, au mwongozaji alikuwa anajikumbushia ujana?

DJ Mstaafu:
Zina kazi, tena kubwa. Nimepiga diski Arusha miaka mingi, na watalii wa umri wa Randy walikuwa wakiziomba hizo hizo, wakishalewa. Angalia mwanzo: Quiet Riot wanapiga juu ya mabango na vipande vya magazeti vya enzi zake. Albamu yao ya 1983 ndiyo ya kwanza ya metali kushika namba moja Marekani, kwa hiyo hapo Randy yuko kileleni. Halafu kimya. Miaka 20 imepita, jamaa kakaa peke yake kwenye darasa la chekechea, anakohoa. Wimbo umemkimbia.

Sasa nenda baa, yeye na Cassidy (Marisa Tomei), yule mcheza uchi anayempenda. Inapigwa "Round and Round" ya Ratt, ya 1984, mzee anaimba na kucheza, kisha anamtupia lawama Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, kwamba ndiye aliyeharibu starehe. Hachekeshi huyo. Nirvana walipotoa albamu ya Nevermind 1991, bendi za manywele zilifagiliwa, na Randy naye ni wa kundi hilo hilo la waliofagiliwa. Hana hoja ya muziki pale, analilia kazi yake.

Bi Sauda:
Na "Sweet Child o' Mine" ya Guns N' Roses, anayoingilia ulingoni mwisho, Rourke mwenyewe aliitumia alipokuwa bondia miaka ya 90. Bajeti ilikuwa ndogo, mwimbaji wao Axl Rose akawapa bure. Majina ya mwisho yanamshukuru.

Kibopa:
Mnasahau muziki wa chini wa filamu, uliotungwa na Clint Mansell. Gitaa humo anapiga Slash, yule yule wa Guns N' Roses, ila taratibu, hakuna madoido. Kwangu hilo limezidi nyimbo zote, ukitoa ya Bruce Springsteen ya kufungia.

Mzee wa Rumba:
DJ, hapo kwenye Cobain mimi nilicheka, kumbe. Je, filamu ya Rock of Ages ya 2012, yenye roki hiyo hiyo, nayo iko hivi? Niliizima katikati.

DJ Mstaafu:
Ulizima kwa wakati, mzee wangu. Kule waigizaji wanaziimba wenyewe, hadi Tom Cruise, na sauti zimesafishwa mpaka zinang'aa. Sherehe tupu. Kama ni sherehe unayotaka, imalizie.