Darasa la wazazi watarajiwa: lina faida, au elimu ya kliniki inatosha?

Baba Mtarajiwa: Wakuu, mke wangu ana ujauzito wa miezi 7, nasi tunaishi Mbagala. Kuna darasa la wazazi watarajiwa linalofanyika kila Jumamosi saa 4 asubuhi kwa ada ya shilingi 150,000, ambako hufundishwa kupumua wakati wa uchungu, kunyonyesha na kumwogesha mtoto. Mawazo yananikosesha usingizi. Je, nilipe?

Mama Pacha: Kaka, kliniki nesi hufundisha bila malipo kabla ya vipimo, na dalili za hatari utazisikia mpaka uzikariri: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mtoto kuacha kucheza. Tatizo ni akina baba, ambao huja siku ya kupima VVU, kisha hatuwaoni tena.

Mzee wa Chumbageni: Kwetu Tanga mwali alikuwa na somo wake, wala hatukulipia darasa. Nakiri kwamba marehemu mama alimpa mjukuu maji ya sukari siku ya pili, tukagombana nyumba nzima, kwa kuwa nesi alikwisha kutuagiza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Wanaostahili kupelekwa darasani ni mabibi.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, hujasema kama huu ni uzazi wa kwanza, wala kadi imeandikwa ajifungulie wapi.

Baba Mtarajiwa: Ni wa pili, mama. Wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na sasa ana mwaka mmoja na miezi 2. Kadi imeandikwa hospitali ya rufaa. Hata hivyo, mwalimu wa darasa ametuhakikishia kwamba mazoezi yatamwezesha kujifungua kawaida katika zahanati ya jirani, na kwa kuwa nimekwisha kulipa nusu ya ada, sioni ubaya wa kujaribu. Upasuaji ule ulituachia madeni.

Mkunga Mstaafu: Kumbe swali lilikuwa hili. Wapo wanaojifungua kawaida baada ya upasuaji mmoja, lakini hujaribu mahali penye daktari, damu na chumba cha upasuaji saa zote, kwa sababu kovu la mji wa mimba likiachia katikati ya uchungu, muda wa kuwaokoa mama na mtoto huwa mfupi mno. Shirika la Afya Duniani hushauri miezi 24 ipite baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ninyi hamkufikisha hata mwaka. Kupumua hupunguza hofu, hakuimarishi kovu.

Mchambuzi: Bei ametaja, siku ametaja, saa ametaja, imebaki namba ya simu. Nashuku huyu ndiye mwenye darasa.

Kijana wa Ubungo: Mwenye darasa gani atangaze kwamba mwalimu wake anabishana na kadi ya kliniki?

Baba Mtarajiwa: Sina darasa lolote. Nina kazi ambayo mtoto akizaliwa itanipa likizo ya siku 3, kama sheria inavyosema, ndiyo maana nilitaka kujifunza mapema.

Mama Pacha: Na shemeji mwenyewe anasemaje?

Baba Mtarajiwa: Anasema zahanati haendi. Darasani anataka somo la kunyonyesha tu.