Naomba ushauri: nimwonyeshe mama kipindi anachouawa Inspekta Richard Poole?

Habari zenu wapendwa. Kila Jumamosi usiku huwa naangalia Death in Paradise, ile tamthilia ya Uingereza ya upelelezi wa mauaji kisiwani, na mama yangu, mimi nikimtafsiria Kiingereza. Tumemaliza misimu 2 ya kwanza, vipindi 16, na mama amempenda mno Inspekta Richard Poole, yule anayeigizwa na Ben Miller. Kila akimwona na suti yake ya sufu kwenye jua la kisiwani, mkoba mkononi, mama huweka kikombe chini na kusema, "Maskini mtoto wa watu, hakuna wa kumwambia avue koti?" Akishakusanya washukiwa na kumtaja muuaji, mama hupiga makofi kabisa.

Sasa msimu wa 3, ulioanza kuonyeshwa Uingereza Januari 2014, unafungua na kifo cha Richard mwenyewe. Anachomwa chuma cha kuvunjia barafu akiwa na wenzake aliosoma nao chuo kikuu, halafu analetwa inspekta mpya, Humphrey Goodman, kupeleleza. Fumbo lake limesukwa vizuri kuliko mengi ya nyuma, ndiyo maana sitaki kukiruka. Lakini mama alifiwa na kaka yake mwaka huu, na machozi yake bado yako karibu.

Nimwambie mapema? Au tuanzie kipindi cha 2, nimwambie Richard karudi kwao Uingereza? Kumdanganya mama roho inanisuta. Mliowahi kukiangalia na wazazi, mlifanyaje? Jumamosi ni keshokutwa.