IST ya 1NZ: mkanda mpya mara mbili, bado injini inalia "chi-chi-chi"

Vumbi_Dom:
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, inatembea Dodoma na nusu ya safari ni barabara ya vumbi. Asubuhi ikiwashwa inalia "chi-chi-chi" upande wa mkanda, na mlio unafuata mzunguko wa injini. Ikipata moto unapungua ila hauishi. Mkanda umebadilishwa mara mbili ndani ya miezi minne; kila mpya unatulia wiki moja, kisha kelele inarudi. AC ikiwashwa au ikizimwa hakuna tofauti. Taa ya betri haiwaki. Fundi mmoja anasema mikanda ni feki, mwingine anasema alteneta (mashine inayochaji betri). Naomba njia ya kupata chanzo kabla sijatoa hela nyingine.

Spana14:
Mkuu, umeandika "chi-chi-chi" na si "chiiiii", na hapo umeshatusaidia sana. Mlio mrefu unaozidi ukikanyaga mafuta, au ukiwasha taa na AC, ni mkanda unaoteleza: umelegea, umelowa, au kuna puli (gurudumu ambalo mkanda unapita) inayogoma kuzunguka. Mlio wa kukatika-katika kama kifaranga, unaosikika zaidi injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), mara nyingi ni puli ambazo hazijakaa kwenye mstari mmoja.

Hakikisha kwa maji. Injini ikiwa sailensa na inalia, chukua chupa ya kupulizia yenye maji matupu, pulizia kidogo upande wa ndani wa mkanda, ule wenye mifereji. Mlio ukizidi, shughulika na ukazaji. Ukinyamaza sekunde chache halafu ukarudi, shughulika na mstari wa puli. Usitumie WD-40, sabuni wala mshumaa. Vinanyamazisha kwa siku mbili, na mafuta yanalainisha raba mpaka mkanda unavimba na kuteleza zaidi.

Kwenye gari lako mkanda ni mmoja tu, unapita kwenye krenki (mhimili mkuu wa injini), pampu ya maji, alteneta na kompresa ya AC. Usukani ni wa umeme, hivyo hakuna pampu ya usukani ya kusingizia. Na 1NZ inatumia cheni kwa ndani. Cheni ikichoka inagonga, hailii hivi.

beringi_6303:
Naunga mkono, ila kabla ya puli kagua mkanda wenyewe ulivyofungwa. Soma maandishi mgongoni: 5PK1100, kwa mfano, ni mifereji mitano na urefu milimita 1100. Linganisha na ule uliotoka na gari. Kisha shuka chini na tochi uangalie kila puli: je, mkanda umekaa mifereji yote, au umeruka mmoja na ukingo unaning'inia nje? Kosa hili hutokea sana kwenye puli ya krenki kwa sababu fundi anafunga kwa kupapasa, haoni.

Mikanda ya siku hizi haipasuki kirahisi kama ya zamani, inalika. Kwa hiyo "haina nyufa" si ushahidi kwamba ni mzima. Angalia kingo: upande mmoja ukiwa na nyuzi zilizochomoza na unga mweusi umejaa kwenye puli, mkanda unavutwa pembeni.

Kuhusu alteneta, usikisie. Vua mkanda na uwashe injini kwa nusu dakika, isizidi dakika moja, kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Kelele ikibaki, haitoki kwenye kitu chochote kinachozungushwa na mkanda. Ikiisha, zima, zungusha kila puli kwa mkono. Beringi mbovu unaisikia kwenye vidole kama mchanga. Tikisa puli ya pampu ya maji juu-chini. Ikicheza, au kukiwa na ukoko wa kulanti chini ya shingo yake, pampu imekwisha.

Jambo moja watu wanakosea: beringi ya puli ya kompresa inazunguka muda wote, AC iwe imewashwa au imezimwa. Kwa hiyo "AC haibadilishi kitu" haiisafishi. Izungushe nayo.

Spana14:
Kweli kabisa, hiyo ya kompresa nilikuwa sijaigusa. Niongeze puli ya krenki. Ina sehemu mbili, kitovu na pete ya nje, na katikati kuna raba. Raba ikichoka pete inahama na kuyumba, na hapo utabadilisha mikanda hadi uchoke. Injini ikiwa imezimwa, chora mstari mmoja wa tipeksi kutoka kitovuni hadi kwenye pete. Endesha siku mbili, kisha angalia kama mstari umekatika, yaani pete imehama.

Kwa mstari wa puli, weka rula ndefu iliyonyooka usoni mwa puli mbili. Ikipishana zaidi ya milimita 1.5 kwa kila sentimita 30, lazima ilie.

Vumbi_Dom:
Wakuu, majibu. Maji: ulinyamaza kama sekunde tano, ukarudi. Mkanda umekaa mifereji yote. Alteneta, pampu na kompresa vinazunguka laini, bila mkanda injini kimya. Tipeksi: mstari wa kwenye pete umehama karibu sentimita moja kutoka wa kitovuni, na pete inayumba kwa macho.

beringi_6303:
Basi ni hiyo, badilisha puli ya krenki. Toa tairi la mbele kulia na kinga ya plastiki ya ndani, utaifikia bila kugusa cheni. Usikubali mtu afungue bolti ya puli hiyo kwa kupiga stata huku spana imeegemezwa kwenye chesisi. Tafuta kishikio cha puli. Ukiona oili nyuma yake badilisha na sili ya krenki (raba inayozuia oili isivuje) hapohapo, la sivyo itaharibu mkanda wa tatu. Bolti inakazwa Nm 128 kwa spana ya kupima.

Safisha puli zote kwa breki klina na brashi, injini ikiwa imezimwa, halafu weka mkanda mpya. Huo wa sasa kingo zimeshalika. Kukaza, legeza bolti za alteneta, namba 12 na 14, isukume kwa mpini wa nyundo wa mbao, usibanie nondo kwenye bodi yake ya aluminiamu. Kwa kubonyeza kwa nguvu ya kama kilo 10 katikati ya nafasi ndefu, ushuke takriban milimita 10. Mtu akikwambia kaza zaidi ili usilie, kataa: utaua beringi ya alteneta na pampu. Washa dakika tano, zima, pima tena, maana mkanda mpya hulegea kidogo.