Mashine ya kuchapa, mbona ilichelewa hivi kufika kwetu?

Fundi_Mbuyuni: Wakuu habari za jioni. Mi nafanya kazi ya uchapaji hapa Moshi, kadi za harusi, vitabu vya risiti, vitabu vya kwaya. Kuna mzee pale kazini bado anazo zile herufi za risasi kwenye droo, kila moja imekaa kinyume kama unaiangalia kwenye kioo, anazipanga mojamoja huku kidole gumba kinazibana zisianguke mpaka mstari ujae. Sasa Gutenberg, yule Mjerumani aliyeanzisha uchapaji wa namna hii Ulaya, alichapa Biblia yake mjini Mainz kwenye 1455 hivi, huku kwetu tunaambiwa karne ya 19. Miaka mia nne yote mashine ilikuwa wapi?

mwana_arusha: Mkuu ilikuwa inazunguka dunia. Mexico ilishafika 1539. Goa 1556, na hii ya Goa inaniuma kweli maana Wajesuiti, wale mapadri wamisheni wa Kikatoliki, waliitoa Ureno wakiipeleka Ethiopia, ikazungushwa Afrika kwa meli, huko mambo na mfalme hayakukaa sawa basi ikabaki India. Yaani Afrika ndo ilikuwa imepangiwa, ikapitishwa tu baharini!

Bint_Hamisi: Ila pwani watu hawakukaa bila maandishi jamani. Walikuwa wanaandika kwa herufi za Kiarabu, tenzi zinanakiliwa kwa mkono, Utenzi wa Tambuka una nakala ya 1728. Na hizo herufi ni kazi kuzichapa, zinaungana, moja inabadilika ikikaa mwanzo, katikati au mwisho, hapo fundi anahitaji vipande vingi sana. Istanbul kwenyewe, kwa Waturuki, mchapaji Müteferrika katoa kitabu chake cha kwanza 1729, tena ruhusa aliyopewa haikugusa vitabu vya dini.

Fundi_Mbuyuni: Asante dada, hilo la vipande nimelielewa haraka. Zanzibar sasa aliileta nani?

mwana_arusha: Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, Steere na wenzake, miaka ya 1860. Waliofundishwa kupanga herufi ni vijana waliokombolewa utumwani, na 1888 likatoka gazeti la Kiswahili, Msimulizi. Dada hapo juu kasema kweli kuhusu ugumu, ila mi naona kilichochelewesha zaidi ni mwenye mashine, kila ilikoenda ilibebwa na mtu mwenye shughuli yake. Sultani Barghash alipoamua kuwa na yake, vitabu vya Kiibadhi, yaani vya dhehebu lake la Kiislamu, vya herufi hizohizo za Kiarabu vikachapwa palepale Unguja.