Mjadala: Mgonjwa akiomba asaidiwe kufa, sheria imruhusu?

Mtu wa Kigogo: Wakuu, heshima kwenu. Mgonjwa wa saratani, madaktari wameshamrudisha nyumbani, akili timamu, anaomba asaidiwe kufa. Uholanzi ruksa tangu 2002, Kanada 2016. Kwetu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 216: ukimsaidia mtu kujiua, kifungo cha maisha. Ibadilishwe?

Babu Tandika: Roho ni ya Mungu. Tena Uholanzi lazima daktari wa pili, asiyehusika, amwone mgonjwa. Huku daktari wa pili atakuwa mtoto anayekitolea macho kiwanja cha Tegeta.

Kitinda Mimba: Mzee shikamoo, ila umeniudhi. Mimi namuuguza mama yangu, na ni huko huko Tegeta. Kaka zangu wako Dodoma na Mwanza, wanatuma elfu hamsini na "tunamuombea". Mfuko wa mkojo namwaga mimi. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, nampimia mimi kwa bomba la sindano, kila baada ya saa nne, na usiku nimetega alamu. Kiwanja nimekitaja wapi?

Babu Tandika: Marahaba. Sikutaja jina la mtu. Mbona umeshtuka?

Dada wa Mbagala: Ashtuke asishtuke, halali! Wanaume mnajadili kufa kama mnajadili Simba na Yanga. Nani kati yenu amewahi kumgeuza mgonjwa saa nane usiku asipate vidonda vya mgongo?

Kijana Sinza: Mimi nimewahi, na ni mwanaume. Acha kutujumlisha.

Dada wa Mbagala: Hongera, tukupigie makofi?

Mpenda Habari: Kwani Afrika Kusini si walishahalalisha? Kuna wakili alishinda kesi.

Wakili wa Mtaani: Nusu habari hiyo mkuu. Stransham-Ford, 2015, Mahakama Kuu Pretoria ilimruhusu, lakini alikuwa amefariki saa chache kabla ya amri. 2016 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Bado ni kosa.

Mpenda Habari: Sawa, ila alishinda.

Nesi Mstaafu: Mpeni mgonjwa dawa ya maumivu ya kutosha kwanza, ndipo mumuulize kama anataka kufa. Wengi niliowahudumia walikuwa wanakimbia maumivu. Mofini hospitali ya saratani ya Ocean Road ipo, ila ikikuishia Ijumaa jioni duka la dawa la mtaani halikuuzii. Hilo hamlijadili, mko na Uholanzi.

Kitinda Mimba: Asante mama. Ijumaa iliyopita yalinikuta hayo hayo.

Babu Tandika: Pole mwanangu. Na hao kaka zako, wakija wanafikia hapo hapo kwenye kiwanja?

Kitinda Mimba: Mzee!!

Mtu wa Kigogo: Wakuu, turudi kwenye mada. Ibadilishwe au isibadilishwe?

Kijana Sinza: Kwanza tujue, hati ina jina la nani?

Dada wa Mbagala: Hata hati yenyewe sidhani, itakuwa karatasi ya serikali ya mtaa.