Naomba ushauri: sevisi kubwa ya pikipiki kwa shilingi 340,000

Ndugu wanachama, habari zenu na poleni na majukumu.

Ninamiliki pikipiki aina ya Boxer 150 inayofanya kazi ya bodaboda hapa Morogoro, na sasa imefikisha kilomita 58,000 bila injini yake kufunguliwa hata mara moja, ingawa oili huibadilisha kila baada ya kilomita 2,000. Mwezi huu oili imeanza kupungua, na kila asubuhi inapowashwa hutoa moshi wa buluu kwa dakika moja hivi, kisha moshi hukatika na haurudi hata ikipanda mlima ikiwa na abiria.

Fundi wangu anataka tubadilishe pistoni na ringi zake (zinazozuia oili kupanda juu ya pistoni), tuchonge bloku (kupanua tundu la silinda ili liingie pistoni kubwa zaidi), tuweke cheni ya taimingi, sahani za klachi, pamoja na cheni ya nje na sproketi zake, kwa shilingi 340,000. Vipuri anauza yeye mwenyewe, jambo linalonitia shaka kidogo. Fundi wa pili alichomoa plagi, akaikuta kavu na ya rangi ya kahawia, akasema ringi ni nzima na kinachovujisha oili ni sili za valvu (vimpira vinavyozuia oili kupenya kwenye valvu), kazi ya shilingi 60,000. Nafasi za valvu nimeshazirekebisha bila mafanikio.

Je, moshi wa asubuhi pekee unatosha kunifanya nichonge bloku, au nianze na sili? Na waliofanya sevisi kubwa kwa kujinunulia vipuri dukani, iliwagharimu kiasi gani pamoja na ufundi?